Nguvu Bila Jimu: Somo la Mazoezi ya Uwanjani kwa Wakazi wa Mpakani



Mara nyingi jarida hili hukuzungumzia usalama wa mali na wa mipaka yetu: wizi wa pikipiki, magendo, ugomvi wa mashamba na hati za kuvukia. Katika toleo hili tunakuletea somo la usalama wa mwili wako mwenyewe. Jamii yenye watu wanyonge wa afya haiwezi kujilinda, na askari peke yake hawezi kuilinda. Somo hili limekusudiwa kusomwa na mtu mmoja nyumbani, au kusomwa kwa sauti katika mkutano wa kijiji na kisha kufanywa kwa vitendo palepale uwanjani.

Kwa nini somo hili ni letu

Sisi wa mpakani tunaishi kwa nguvu za miili yetu. Neno bodaboda, linalotumika leo katika Afrika ya Mashariki yote, lilizaliwa katika mazingira haya ya Busia na Malaba, miaka ya 1960 na 1970, wakati vijana wenye baiskeli walipowavusha abiria katika kipande cha ardhi kilichotenganisha kituo cha upande wa Uganda na kile cha Kenya. Hadi leo biashara ya Busia husimama juu ya mabega ya wachukuzi, juu ya mikono ya ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, na juu ya viuno vya akina mama wanaoinama tangu alfajiri kupanga mafungu ya nyanya na mukene.

Hapo mtu atauliza: ikiwa kazi yangu ni ngumu kiasi hiki, mazoezi ni ya nini tena? Swali hilo lina haki ya kujibiwa vizuri.

Tumchukue mchukuzi anayebeba magunia. Yeye hubeba siku zote kwa bega lilelile, huinama kwa namna ileile, na uzito wa gunia huamuliwa na mwenye mzigo, mwili wa mbebaji haushauriwi. Misuli michache hutumika hadi kuchoka, na mingine hulala. Baada ya miaka kadhaa upande mmoja wa mgongo huelemewa, na siku ya kuumia huja bila kubisha hodi. Mchukuzi akilala kwa maumivu ya mgongo, nyumba nzima hulala na njaa. Mazoezi yaliyopangwa hufanya kinyume cha kazi hiyo: huamsha misuli iliyolala, husawazisha kulia na kushoto, huongeza uzito hatua kwa hatua, na huupa mwili siku za kupumzika.

Wapo pia wale ambao kazi yao imewakalisha. Dereva wa lori hukaa katika foleni saa nyingi. Mwendesha pikipiki hukaa kutwa, tofauti na babu yake aliyekanyaga pedali. Karani wa forodha na askari wa zamu hawako mbali na hao. Kwao tatizo ni misuli inayosinyaa, tumbo linaloongezeka, na maradhi ya shinikizo la damu na kisukari yanayofuata nyuma.

Wapo, mwisho, wazee wetu. Binadamu akishavuka umri wa miaka 30 au 40, misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo ikiwa haitumiki, na upungufu huo huongezeka kasi uzeeni. Mzee hapotezi kwanza uwezo wa kubeba gunia. Hupoteza uwezo wa kuinuka kutoka kwenye kigoda, kupanda ngazi ya hospitali, na kusimama baada ya kuchuchumaa chooni. Siku anapohitaji kushikwa mkono ili atoke chooni, sehemu ya heshima yake imechukuliwa. Mazoezi ya nguvu ndiyo kinga iliyo karibu zaidi dhidi ya siku hiyo.

Wataalamu wanasemaje

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Juu ya hayo, linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili walau siku 2 kwa wiki. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya kujisawazisha walau siku 3 kwa wiki ili wasianguke. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kila siku.

Ushauri huo hautaji jimu wala mashine. Mwili wenyewe ni mzigo wa kutosha. Mtu anayepiga pushapu ya kawaida huinua takriban theluthi mbili ya uzito wake kwa mikono yake, hivyo mtu wa kilo 66 anasukuma karibu kilo 44 kila anapoinuka. Akiweka magoti chini, mzigo hushuka hadi karibu nusu ya uzito wake. Akisimama na kusukuma ukuta, hupungua zaidi. Kwa kubadili pembe ya mwili tu, mtu hupunguza au huongeza mzigo apendavyo, bila kulipa shilingi moja.

Wasomaji wengi watakumbuka Aprili 2020, wakati wa zuio la ugonjwa wa Korona, Rais Yoweri Museveni, akiwa na umri wa miaka 75, alipoonyeshwa katika video akifanya mazoezi ndani ya ofisi yake, pamoja na pushapu, ili wananchi waone kwamba sakafu tupu inatosha. Kama sakafu ya ofisi inatosha, nyasi za uwanja wa shule zinatosha zaidi.

Mahali na wakati

Chagua ardhi tambarare isiyo na mashimo, chupa wala misumari. Uwanja wa shule wakati hakuna masomo, uwanja wa kanisa au msikiti kwa ruhusa ya wenyewe, na ua wa nyumba yako, vyote vinafaa. Maegesho ya malori hayafai kabisa, kwa maana dereva anayerudi nyuma hakuoni ukiwa umelala chini.

Sisi tuko jirani na Ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, kwa tofauti ndogo tu. Saa ya kwanza baada ya mapambazuko ni nzuri: joto ni dogo na watu wanaonana. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, ni nzuri vilevile. Epuka giza, kwa ajili ya magari, wahalifu na mbu.

Kwa zoezi la kujivuta utahitaji tawi au mti wa mlalo. Tawi nene la mwembe linafaa. Mpapai haufai, na matawi ya mparachichi huvunjika kirahisi. Jaribu tawi kwanza kwa kuning'inia taratibu, miguu ikiwa karibu na ardhi. Usining'inie kwenye goli la mpira ambalo nguzo zake hazikuchimbiwa ardhini, kwa kuwa goli la namna hiyo likipinduka huua. Usitumie nguzo ya umeme, kizuizi cha barabarani wala uzio wa kituo cha mpakani.

Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mawingu yakifunga na ngurumo zikisikika, acha zoezi na uingie ndani ya nyumba. Usijifiche chini ya mti.

Kupasha mwili moto

Usianze na misuli baridi. Tembea kwa haraka au kimbia polepole dakika 3. Zungusha mabega mbele na nyuma mara 10, zungusha nyonga mara 10, inua magoti kwa zamu mara 20, kisha chuchumaa nusu na kuinuka mara 10. Ukihisi jasho jembamba linaanza, mwili uko tayari.

Mazoezi matano

1. Kuchuchumaa na kuinuka. Simama miguu ikiwa upana wa mabega, vidole vikielekea nje kidogo. Shuka kana kwamba unakalia kigoda kilicho nyuma yako, kifua kikitazama mbele na visigino vikibaki ardhini. Magoti yafuate uelekeo wa vidole, yasiangukie ndani. Kisha inuka kwa kusukuma ardhi kwa visigino. Zoezi hili hujenga mapaja na makalio. Mzee aanze kwa kukaa kwenye kiti halisi na kuinuka bila kushika kitu. Kijana aliyezoea anaweza kushika dumu la maji kifuani: dumu la lita 20 likijaa lina zaidi ya kilo 20, basi aanze na la lita 5.

2. Pushapu. Weka viganja ardhini, upana kidogo kuliko mabega, na mwili unyooke kama mti kutoka kichwani hadi visiginoni. Shuka hadi kifua kikaribie ardhi, kisha sukuma. Kiuno kisining'inie wala kisipande juu. Asiyeweza aanze kwa kusukuma ukuta, kisha aweke mikono juu ya benchi, kisha magoti chini, na mwishowe pushapu kamili. Aliyezidi kiwango hicho aweke miguu juu ya jiwe imara.

3. Kujivuta. Shika tawi kwa mikono miwili na ujivute mpaka kidevu kivuke tawi, kisha shuka polepole. Ni zoezi gumu, na wengi hawawezi hata mara moja mwanzoni. Njia ya kuanzia ni mti wa mlalo ulio kimo cha kiuno: lala chini yake, visigino vikiwa ardhini, na vuta kifua kuuelekea. Zoezi hili hujenga mgongo wa juu, nao ndio unaosahauliwa na watu wanaopiga pushapu peke yake.

4. Ubao. Lala kifudifudi, kisha jiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili ukinyooka kama ubao. Kaza tumbo na pumua kawaida. Anza kwa sekunde 15 na ongeza polepole hadi 60. Tumbo lililokazwa ni mkanda wa asili wa mchukuzi.

5. Daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa ardhini. Inua makalio mpaka magoti, nyonga na mabega vifanye mstari mmoja, shikilia sekunde 2, kisha shusha. Zoezi hili huimarisha makalio na sehemu ya chini ya mgongo, yaani mahali panapouma zaidi kwa wabebaji mizigo na kwa akina mama wanaoinama sokoni.

Ndugu zetu wanaotumia viti vya magurudumu wafunge breki au wazuie magurudumu kwa mawe, kisha washike mikono ya kiti na kujiinua kutoka kitini kwa nguvu za mikono. Wao pia wanahitaji sana zoezi la kuvuta, kwa sababu kusukuma magurudumu kutwa huchosha upande wa mbele wa mabega.

Mpango wa wiki nane

Fanya mazoezi siku 3 kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Usifanye siku mbili mfululizo, kwa kuwa msuli hukua unapopumzika.

Wiki ya 1 na ya 2, fanya mazoezi yote matano, kila moja mara 6 hadi 8, pumzika dakika 1 kati ya zoezi na zoezi, na rudia mzunguko mara 2. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8, fanya mizunguko 3. Kazi yote, pamoja na kupasha mwili moto, haitazidi sana nusu saa.

Kanuni ya kupanda ngazi ni hii: chagua namna ya zoezi unayoweza kuifanya kwa usahihi walau mara 6. Ukifikia mara 12 katika kila mzunguko kwa siku mbili za mazoezi zinazofuatana, hamia namna iliyo ngumu zaidi na uanze tena na 6. Zoezi la ubao hupimwa kwa sekunde.

Usitegemee kioo kukusifu upesi. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamuru misuli. Misuli yenyewe huanza kuonekana baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.

Toa pumzi unaposukuma au kuvuta, vuta pumzi unaposhuka. Usizuie pumzi, maana kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Dalili za kusimama

Uchungu wa misuli unaotokea siku moja au mbili baadaye ni wa kawaida na huondoka wenyewe. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi inayokataa kurudi ni amri ya kusimama na kwenda kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, mama mjamzito, na aliyetoka kufanyiwa upasuaji, wamwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Kuhusu chakula, misuli hujengwa na vyakula tunavyovijua: maharage, karanga, mayai, maziwa, na mukene, ambao majirani zetu wa Kenya huwaita omena na wa Tanzania dagaa. Jihadhari na vidonge na unga wa "kuongeza nguvu" vinavyouzwa kwa siri sokoni bila lebo wala jina la mtengenezaji. Hujui kilichomo, na anayekuuzia huenda naye hajui.

Neno la polisi

Kikundi kinachoanza mazoezi kimjulishe mwenyekiti wa LC I na kituo cha polisi kilicho karibu: mahali, siku na saa. Watu 15 wanaokimbia alfajiri bila kujulikana huleta hofu kwa wakazi, nao haohao wakijulikana huwa macho ya kijiji. Mkikimbia barabarani, kimbieni upande unaoyakabili magari, mmoja nyuma ya mwenzake, mkivaa nguo za rangi ya kung'aa.

Msikimbie kwa kupitia njia za panya. Vikundi vya pande mbili vinavyotaka kufanya mazoezi pamoja vitumie kituo rasmi. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa. Kibebeni.

Wanawake na wasichana wana haki ya kufanya mazoezi bila kubughudhiwa. Kumshika, kumfuata au kumtukana mwanamke kwa sababu ya mazoezi au mavazi yake ya mazoezi hakuvumiliki, na anayefanyiwa hivyo asinyamaze. Piga 999 au 112, au fika kituoni.

Na kwenu, vijana mnaojiandaa kwa usaili wa jeshi la polisi: mwili wenye nguvu hujengwa kwa miezi, hauwezi kutafutwa wiki moja kabla ya usaili. Nafasi ya kuajiriwa haiuzwi. Mtu anayekuomba fedha ili "akupitishe", awe amevaa kiraia au sare, anakuibia. Kiasi mnachoombwa kingeweza kununua mbuzi wa kuanzia maisha. Mripotini, kisha rudini uwanjani.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kazi ninayofanya kila siku hutumia misuli ipi zaidi, na hulaza ipi?
2. Katika mazoezi matano, ni lipi ninaloweza kulifanya leo kwa usahihi, na ninaanzia namna ipi?
3. Ni mzee gani nyumbani kwetu anayeinuka kwa shida, na ni nani atakayemsaidia kufanya zoezi la kiti siku 3 kwa wiki?
4. Uwanja gani kijijini kwetu uko salama, na nani ataomba ruhusa ya kuutumia?

Kikundi kitakachojibu swali la nne kabla ya kutawanyika kimeshaanza kazi. Mlete jina la uwanja wenu katika kituo cha polisi kilicho karibu nanyi, ili askari wa doria wajue mahali mlipo na saa mnazokutana. Askari aliye nje ya zamu anakaribishwa kujiunga nanyi. Hapo uwanjani hana cheo, ataanza kwa kuhesabu moja kama wengine wote.

Afisa Uhusiano wa Umma